Mpira Ukidondoka, Nani Kakosa?



Tangu Mei 8, 2025, siku tulipopata Papa mzaliwa wa Chicago, naona vijana wengi wa kwetu wanauliza habari za mji ule utadhani ni kwa mjomba wao. Wengine wameshajua kwamba Papa Leo XIV anashabikia White Sox, timu ya besiboli ambayo msimu wa 2024 ilipoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu yao tangu mwaka 1900. (Kumbe Baba Mtakatifu anajua uvumilivu ni kitu gani!) Lakini leo nataka tuongee habari ya timu nyingine ya mji uleule, Chicago Bears, wanaocheza ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na mabega ya bandia. Nawachagua kwa sababu ya jambo moja ambalo limewashinda miaka na miaka: kurusha pasi ikamfikia mtu. Na ndani ya kushindwa kwao kuna swali ninalolikuta kila mahali, kwenye jumuiya, kwenye kwaya, nyumbani, hata kwenye foleni ya kitubio. Kazi ya wengi ikiharibika, nani alaumiwe?

Kwa ambao hawajawahi kuutazama mchezo huu, nieleze kidogo. Kila upande una watu 11. Mmoja wao, wanamwita kotabeki, ndiye anayepewa mpira mwanzoni mwa shambulizi na ndiye mrushaji wa pasi. Mbele yake wanasimama watu watano wakubwa kweli kweli, wengi wao wana kilo 130 na kuendelea, na kazi yao ni kumkinga asifikiwe na wapinzani. Ukimtoa yule wa katikati anayeupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, hawa wakingaji mara nyingi wanamaliza mechi nzima bila kuugusa mpira. Pembeni wapo wapokeaji, ambao wanakimbia mbele kwa njia walizokubaliana mazoezini: hatua kadhaa mbele, kisha kata kulia, kisha geuka. Mrushaji ana kama sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika.

Sasa kitu kilichonifanya niupende mchezo huu ni hiki. Pasi nzuri hutoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka. Yaani mrushaji anarusha mahali patupu, penye nyasi tu, akiamini kwamba mpira ukifika pale mwenzake naye atakuwa amefika. Mwenzake naye anakimbia akiwa ameupa mpira mgongo, akiamini kwamba akigeuka ataukuta hewani. Wote wawili wanaamini kwamba wale watano hawatapitwa. Mmoja tu akichelewa nusu sekunde, jambo zima linaanguka: mpira unadondoka, au unadakwa na adui, au mrushaji anakumbatiwa na kubwagwa chini nao ukiwa bado mkononi. Na kamera hapo inamwonyesha nani? Mrushaji. Akiwa amelala chali, au amesimama mikono kiunoni, anatikisa kichwa.

Bears si timu changa. Ilianzishwa mwaka 1920, ikahamia Chicago mwaka 1921. Mwaka 1940 iliifunga Washington 73 kwa 0 katika fainali ya ubingwa, na mrushaji wake Sid Luckman alikuwa kati ya watu walioufundisha mchezo ule kwamba pasi ni silaha. Baada ya enzi yake ni kama ukoo uliorithi shamba ukapoteza jembe. Sifa ya Bears ikawa ulinzi, na kukimbia na mpira mkononi. Januari 1986 waliichapa New England Patriots 46 kwa 10 katika Super Bowl, na wazee wa Chicago hadi leo wakikutana wanasimulia ulinzi wa timu ile. Pasi? Hadi msimu wa 2024 unakwisha, katika timu zote 32 za ligi, Bears ndiyo pekee ambayo haikuwahi kuwa na mrushaji aliyefikisha yadi 4,000 katika msimu mmoja. Rekodi yao ilikuwa yadi 3,838 za Erik Kramer, na hiyo ni ya mwaka 1995.

Wamejaribu kila namna. Mwaka 2017 walipanda hadi nafasi ya pili katika uteuzi wa chipukizi wakamchukua Mitchell Trubisky, huku Patrick Mahomes akisubiri hadi nafasi ya kumi na kwenda Kansas City, ambako yaliyofuata mnayajua au mnaweza kuyatafuta. Mwaka 2021 wakamchukua Justin Fields. Mechi yake ya kwanza kuanza, Septemba 26 mwaka ule dhidi ya Cleveland, kijana yule alibwagwa mara tisa. Katika mchezo huu, yadi unazorudishwa nyuma kwa kubwagwa hutolewa katika hesabu ya pasi za timu. Mwisho wa siku, ukitoa na kujumlisha, timu nzima ilikuwa imesonga mbele kwa pasi yadi moja. Moja! Ni hatua moja ya mtu mzima. Mwaka 2022 Bears walikuwa wa kwanza katika ligi nzima kwa kukimbia na mpira, na wa mwisho kabisa kwa pasi, wastani wa yadi 130.5 kwa mechi. Wakashinda mechi 3, wakapoteza 14.

Kisha ikaja zamu ya Caleb Williams, chaguo la kwanza kabisa la mwaka 2024, kijana aliyekuja na tuzo ya Heisman ya vyuo vikuu na matumaini ya mji mzima mabegani. Msimu wake wa kwanza alibwagwa mara 68. Timu ikapoteza mechi kumi mfululizo.

Ukitazama orodha hiyo unasikia wimbo uleule ukirudiwa: huyu hafai, leteni mwingine. Anakuja mwingine. Naye hafai. Inafika mahali unajiuliza, hivi kweli Mungu amewaumba vijana wote wasiojua kurusha akawaelekeza Chicago?

Mambo ya Walawi sura ya 16 inasimulia mbuzi wawili wa siku ya upatanisho. Mmoja anatolewa sadaka. Wa pili anabebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani, asirudi. Tunapenda kusema fulani kafanywa mbuzi wa yule, tukimaanisha kaonewa. Lakini nikiisoma sura ile taratibu naona kitu ambacho sisi tunakiruka. Kabla mbuzi hajaondoka, Haruni anatakiwa aweke mikono yote miwili juu ya kichwa chake na kuziungama dhambi za watu, zote, kwa sauti. Watu walilazimika kusikia makosa yao yakitajwa kwamba ni yao, ndipo mbuzi aende zake. Sisi tumebaki na mbuzi na jangwa, maungamo tumeyafuta. Tunamfukuza mtu bila kutaja hata kosa letu moja, kisha tunashangaa mbona mambo hayabadiliki.

Lugha yetu, nadhani, inatusaidia sana kutoroka. Mtoto akivunja glasi hasemi nimevunja. Anasema, mama, glasi imevunjika. Fedha za safari ya hija zimepotea. Ratiba imeingiliana. Kazi imeharibika. Kitenzi kinasimama peke yake kama mtoto asiye na wazazi. Glasi imejivunja, ndo hivyo. Na siku tukitaka mwenye kosa, tunarukia upande wa pili: kakosa, kaharibu, katuangusha. Kidole kinaelekea nje. Kinachotuwia vigumu kutamka ni viambishi viwili vidogo, "ni" na "tu".

Liturujia inatulazimisha kuvitamka vyote viwili. Mwanzoni mwa Misa, tunapojipiga kifua, sala ile iko katika nafsi ya kwanza umoja. Kanisa limejaa watu mia nne na kila mmoja anasema habari zake mwenyewe. Tena anataja mawazo, maneno na matendo, halafu anataja na wajibu ambao hakuutimiza, yaani lile ambalo hakulifanya na ambalo hakuna aliyeliona. Lakini chukua rozari. Katika kila Salamu Maria tunajitaja wakosefu kwa wingi. Humo hakuna "mimi" anayeombewa peke yake wala "yule" anayeombewa kwa sababu ameshindikana. Nimesali sala hizi mbili tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza na sikuwahi kuziweka pamoja hivyo, mpaka nilipoanza kufikiria mtu aliyebwagwa mara 68.

Kwa nini mtu anabwagwa? Mara nyingine mkingaji amezidiwa nguvu. Mara nyingine wakingaji wawili wamefuata adui mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake atamchukua wa pili. Mara nyingine mpokeaji amekata yadi nane badala ya kumi, hivyo mrushaji akitazama anapopategemea anakuta hakuna mtu, anasubiri, anachelewa. Mara nyingine kocha amechora njia ndefu zinazohitaji sekunde nne, na sekunde nne hazipo. Na mara nyingine, tuseme ukweli, mrushaji mwenyewe ameng'ang'ania mpira. Wachambuzi wengi walimsema Williams hivyo, kwamba alitafuta jambo kubwa wakati jambo dogo lilikuwa wazi mbele yake. Simtoi katika hesabu. Kumwondolea mtu fungu lake la kosa ni kumdharau pia, kana kwamba yeye ni jani linalopeperushwa tu.

Ndiyo maana siridhiki na jibu la pili ambalo wenye akili wanalipenda, kwamba tatizo si mtu, tatizo ni mfumo. Lina ukweli mwingi. Novemba 12, 2024, kocha wa mashambulizi, Shane Waldron, alifukuzwa. Novemba 29 akafukuzwa kocha mkuu, Matt Eberflus, na katika historia yote ya Bears hakuna kocha mkuu aliyewahi kufukuzwa katikati ya msimu kabla yake. Basi mfumo ulisemwa na mfumo ukatolewa. Lakini mfumo hauna kifua cha kupiga. Ukisema "ni mfumo" ukanyamaza hapo, umesema tena glasi imevunjika, ila kwa lugha ya chuo kikuu.

Papa Yohane Paulo II aliona hatari hiyo. Mwaka 1984, katika wosia wake wa kitume Reconciliatio et Paenitentia, alikubali kwamba tunaweza kusema kuna dhambi ya kijamii. Ila akakataa isiwe pango la kujifichia. Hali mbaya ya jamii, alifundisha, ni malimbikizo ya dhambi nyingi za mtu mmoja mmoja: walioanzisha ubaya, walionufaika nao, na wale walioweza kuuzuia wakanyamaza kwa woga au kwa uvivu. Miaka mitatu baadaye, katika Sollicitudo Rei Socialis, akazungumzia miundo ya dhambi, na hata humo mizizi yake akaiweka ndani ya watu. Sisemi mkingaji aliyezidiwa nguvu ametenda dhambi, jamani. Kushindwa na mtu mwenye nguvu kuliko wewe si dhambi, na tukichanganya kosa la mchezo na dhambi tutatesa watu bure. Ninachokichukua kwa Baba Mtakatifu ni ile hesabu yake: mfumo ukiufungua ndani unakuta nyuso.

Oktoba 27 mwaka uleule, Bears walikuwa Washington wakiongoza 15 kwa 12, zimebaki sekunde chache. Kilichobaki kwa wapinzani kilikuwa pasi ile ya kukata tamaa ambayo Wamarekani wanaiita Hail Mary, yaani Salamu Maria. Jina hilo lilienea baada ya Desemba 28, 1975, pale Roger Staubach wa Dallas, Mkatoliki, alipomrushia Drew Pearson mpira wa yadi 50 mwishoni mwa mechi na Minnesota, kisha akawaambia waandishi kwamba alifumba macho akasali Salamu Maria. (Napenda kwamba jina la Mama yetu linatajwa kila wiki na watu wasiokwenda kanisa lolote. Sipendi sana kwamba kwao limekuwa na maana ya bahati nasibu. Anayesali rozari kila jioni hasubiri sekunde ya mwisho.)

Sasa pasi ilipoanza, beki mmoja wa Bears, Tyrique Stevenson, alikuwa ameupa mchezo mgongo, anawatambia mashabiki wa Washington. Akazinduka, akakimbia, akauruka mpira akaugusa kwa vidole, ukadunda hewani na kuangukia mikononi mwa Noah Brown, mtu yuleyule aliyepaswa kumchunga. Yadi 52. Washington 18, Bears 15. Usiku ule Marekani nzima iliangalia video ya kijana anayetamba. Aliomba radhi hadharani, na alistahili kuomba. Kosa lilikuwa lake na hakulikwepa.

Lakini rudisha mkanda nyuma. Katika pigo la kabla ya hapo, Washington waliachiwa kwa makusudi wapate yadi 13 za pembeni, na bila hizo mpira usingefika kirahisi. Nyuma zaidi, katika robo ya nne, Bears wakiwa yadi moja tu toka mstari wa kufunga, walimpa mpira mkingaji mmoja, mtu ambaye kazi yake si kubeba mpira, ukamponyoka. Na mchana kutwa pasi zao hazikuwa zinafika: Williams alirusha 24, zikadakwa 10. Timu inayorusha vizuri isingefika sekunde ya mwisho ikimtegemea kijana mmoja asigeuke. Video ya yule anayetamba ina sekunde chache. Video ya pasi 14 zilizodondoka hakuna mwenye hamu ya kuisambaza.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama mashaka juu ya mtu yatafsiriwe kwa upande ulio bora. Akajibu ndiyo, na akaongeza kitu kigumu: kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, kwa sababu kosa la pili linamdhulumu mtu na la kwanza halimdhulumu. Sijui ni wangapi kati yetu tungekubali hesabu hiyo kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa parokia. Nafahamu kwaya moja ambayo tamasha lao lilifeli, ukumbi ukabaki nusu tupu na deni la vyombo likabaki lote. Mweka hazina, binti wa miaka 22, alilaumiwa jumla mpaka akaacha kuja, na sidhani kama hata Misa anakwenda tena pale. Tiketi alizokuwa ameuza ni yeye peke yake zilizidi za wanakamati wote. Lakini daftari lilikuwa mkononi mwake, kama mpira unavyokuwa mkononi mwa mrushaji, na watu humtazama aliyeshika kitu.

Siku hizi, nikisikia fulani katuangusha, najaribu kuuliza kwa upole: sekunde tatu kabla ya hapo, mimi nilikuwa wapi? Mara nyingi jibu ni kwamba sikuwepo kwenye njia kabisa, basi hainihusu, naendelea na maisha. Hilo nalo ni sawa. Si kila mpira unaodondoka ni wetu, na kujibebesha makosa ya dunia nzima ni majivuno ya aina yake.

Huko Chicago, Januari 2025 walimwajiri kocha mkuu mpya, Ben Johnson. Machi wakawaleta Joe Thuney kutoka Kansas City, Jonah Jackson kutoka Los Angeles na Drew Dalman kutoka Atlanta. Mtu asiyefuatilia hawezi kuyajua majina hayo, maana wote watatu ni wakingaji, wale watu wakubwa wa mbele wasiogusa mpira, isipokuwa Dalman anayeupitisha nyuma kati ya miguu. Msimu wa 2025 Bears walishinda mechi 11 na kupoteza 6. Mrushaji alikuwa yuleyule.